Kiboko, ndugu wa nyangumi, na mbolea ya Ziwa Edouard

Ukiuliza katika darasa la universite hapa kwetu, Butembo ao Beni, mnyama gani ni ndugu wa karibu wa kiboko, wengi watajibu mara moja: nguruwe. Si ajabu. Vitabu vilisema hivyo kwa miaka mingi, juu ya meno na umbo la mwili. Lakini tangu miaka ya 1990, watafiti walipoanza kulinganisha ADN za wanyama, jibu lilibadilika. Ndugu wa karibu wa kiboko kati ya wanyama wote walio hai ni nyangumi. Babu yao mmoja aliishi miaka karibu milioni 55 iliyopita.

Wapendwa wa ukurasa huu, muliomaliza na munaosoma bado, mimi ni mutu wa agronomi, siyo wa zoolojia. Nilichosomea ni udongo na mbolea. Lakini njo kwa njia ya mbolea nimefika kwa wanyama hawa wawili. Ninaona kwamba historia ya kuuawa kwa nyangumi baharini na historia ya kuuawa kwa viboko katika ziwa letu Edouard ni historia moja. Na sisi wa Mutwanga, wa Kasindi, wa Kyavinyonge, tunailipa kila tunaponunua samaki.

MIFUPA YA TURKANA

Tuanzie mbali kidogo, kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1964, mtafiti James Mead alichimbua fuvu la nyangumi fasi inayoitwa Loperot, huko Turkana. Ile ni nchi kavu, ya joto na mchanga, kilometa karibu 740 kutoka bahari ya Hindi. Fuvu hilo lilipotea katika stoo za makumbusho miaka mingi, likaonekana tena mwaka 2011. Umri wake ni miaka karibu milioni 17. Watafiti wanaeleza kwamba nyangumi yule alipanda mto mkubwa kutoka baharini, akapotea njia na kufia huko. Hiyo inaonyesha kwamba wakati ule Afrika ya mashariki ilikuwa nchi ya chini, haijainuka bado. Hata Ruwenzori yetu, ambayo leo inafika metre 5.109, haikuwa imepata kimo chake.

Turkana hiyo hiyo, fasi inayoitwa Lokone, watafiti walipata meno na taya za mnyama wa miaka karibu milioni 28. Mwaka 2015 walimpa jina la Epirigenys, kutoka neno la Kiturkana linalomaanisha kiboko. Huyu ni wa ukoo uliozaa viboko wa leo. Kwa hiyo nchi moja imetunza mifupa ya pande zote mbili za jamaa hii: upande mmoja ulibaki kwenye mito na maziwa ya Afrika, na upande mwingine ulishakwenda zamani baharini, ukasahau miguu.

MWILI ULIOFANYWA KWA MAJI, LAKINI SI KABISA

Tazama namna kila mmoja alivyojirekebisha. Nyangumi alipoteza miguu ya nyuma, mikono ikawa mapezi, pua ikahamia juu ya kichwa. Chini ya ngozi ana mafuta mazito yanayomlinda na baridi na kumlisha wakati wa safari. Nyangumi wenye nundu wanatoka Antaktika kila mwaka, wanafika pwani ya Kenya na Zanzibar kati ya Julai na Oktoba ili kuzaa, na miezi hiyo wanakula kidogo sana ao hawali kabisa. Wengine wa jamaa hiyo wanafika pia pwani ya magharibi ya Afrika, upande ule ambako nchi yetu ina kipande kidogo cha bahari, kule Muanda. Nyangumi mwenye meno, yule anayewinda ngisi, anashuka zaidi ya metre 1.000 na kukaa chini karibu saa nzima kwa pumzi moja, kwa sababu nyama yake inahifadhi oksijeni mingi.

Kiboko yeye hakufika mbali hivyo. Macho, masikio na pua viko juu ya kichwa, anaweza kuona na kupumua huku mwili wote umefichwa. Akizama anafunga pua na masikio. Watu wengi wanafikiri anaogelea, kumbe anatembea na kurukaruka chini ya maji. Anazaa majini, ananyonyesha majini, anaita wenzake majini, sawa na nyangumi. Ngozi yake inatoa maji mekundu yanayomkinga na jua na vidudu vya ugonjwa, lakini ngozi hiyo inapoteza maji haraka sana. Mchana akibaki juani, anakauka na kupasuka. Njo maana anakaa ziwani mchana kutwa, na usiku anatoka kula nyasi, karibu kilo 40 kwa usiku mmoja.

Sasa angalia jambo moja ambalo mimi naliona kuwa kiini cha yote. Wanyama hawa wawili hawakumaliza safari yao. Nyangumi ameacha nchi kavu, lakini bado anahitaji hewa. Kiboko anaishi majini, lakini bado anahitaji nyasi. Nyangumi anakula chini, kisha analazimika kupanda juu kupumua, na huko juu njo anatoa mavi yake. Kiboko anakula inchi kavu, kisha analazimika kurudi majini juu ya ngozi yake, na huko njo anatoa mavi yake. Ule upungufu wa mwili unamfanya kila mmoja kuwa mbeba mbolea. Mmoja anatoa chumvi za udongo gizani na kuzileta penye mwanga. Mwingine anazitoa shambani na kuzitia ziwani.

Wa agronomi munajua: maji bila azoti, fosfori na chuma ni kama shamba lililochoka. Jua likoko, mvua ikoko, lakini hakuna kinachoota. Kinachoota ndani ya maji ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Vidudu vinakula mimea ile, samaki wadogo wanakula vidudu, na mwisho unafika kwenye sahani yako.

BAHARI ILIYONYIMWA MBOLEA

Katika karne ya 20, meli za kuwinda ziliua nyangumi karibu milioni 2,9 duniani, na zaidi ya milioni 2 kati yao ni katika bahari za kusini. Mafuta yao yalifanywa majarini, sabuni na mafuta ya mashine. Wakati ule kulikuwa na hesabu iliyoonekana ya akili: nyangumi wanakula uduvi wa Antaktika kwa tani nyingi, wakiondoka, uduvi watazidi, na watu watavuna uduvi ule.

Haikuwa hivyo. Nyangumi walipokwisha, uduvi hawakuongezeka. Fasi nyingi walipungua. Wanasayansi walijiuliza maswali miaka mingi. Jibu mojawapo ambalo sasa lina nguvu ni hili: bahari ya Antaktika ina upungufu wa chuma, na mavi ya nyangumi yana chuma kingi. Mlaji ndiye aliyekuwa anarutubisha shamba la chakula chake. Ukimuua mlaji, unaua na shamba.

Mwaka 1982 Tume ya kimataifa ya nyangumi ilipiga kura ya kusimamisha uwindaji wa biashara, na amri ikaanza kufuatwa kuanzia 1986. Tangu hapo nyangumi wenye nundu wamerudi kwa wingi. Nyangumi wa buluu, mkubwa kuliko wanyama wote, wanarudi polepole sana.

MUTU ALIYETOKA KWA NYANGUMI AKAJA KWA VIBOKO

Kuko mutu mmoja anayeunganisha bahari ile na ziwa letu. Anaitwa Richard Laws, Mwingereza. Alianza kazi Antaktika mwaka 1947 akichunguza sili wakubwa wanaoitwa tembo wa bahari, na alionyesha namna ya kujua umri wa mnyama kwa kukata jino na kuhesabu mistari yake, kama pete za mti. Msimu wa 1953–54 alikuwa inspekta ndani ya meli ya kuwinda nyangumi. Mwaka 1961 alitumwa Uganda kuongoza kituo cha utafiti huko Mweya, katika parki ya Queen Elizabeth, upande wa pili wa Ziwa Edouard.

Kwa nini? Kwa sababu huko viboko walikuwa wamezidi. Walikula nyasi hadi ardhi ikabaki uchi, na mvua ikaanza kubeba udongo. Serikali ya huko iliamua kupunguza viboko kwa risasi, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950. Waliuawa maelfu. Laws na wenzake walitumia maiti zile kujifunza: meno yanaonyesha umri gani, jike anazaa mara ngapi, anakula nini. Na kweli, fasi viboko walipopunguzwa, nyasi zilirudi.

Nalisema hili kwa sababu hatupaswi kudanganyana. Kiboko akizidi anaharibu. Ni sawa na mbolea: ukimwaga urea bila kipimo, mmea unaungua. Hata katika mto Mara, Kenya, watafiti wameona kwamba wakati wa kiangazi mavi yanalundikana katika vidimbwi vya viboko, oksijeni inakwisha, na mvua ya kwanza ikisukuma maji yale mabaya, samaki wanakufa chini ya mto. Lakini ugonjwa wa ziwa letu leo siyo wa kuzidisha kipimo.

ZIWA LETU

Uvuvi wa hapa ni wa zamani kuliko historia yote iliyoandikwa. Pale Ishango, ambako mto Semliki unatoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950. Alipata vichwa vya mikuki vya mfupa, mifupa mingi ya samaki, na ule mfupa wenye mikato ya hesabu wenye miaka karibu 20.000, ambao umebaki Bruxelles. Chini kidogo kwa Semliki, pale Katanda, vilipatikana vichwa vya mikuki vya miaka karibu 80.000 hadi 90.000, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. Watu wa hapa walivua samaki kando ya viboko maelfu na maelfu ya miaka, na wote wawili hawakukwisha.

Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji waliunda Parki Albert, ya kwanza katika Afrika. Leo ni Virunga. Ilianzia kwenye milima ya sokwe, kisha ikapanuliwa hadi kufunika ziwa upande wetu na bonde la Semliki. Wazee walipoteza ardhi, na kilio hicho kingaliko, sitaki kukifunika. Uvuvi uliruhusiwa katika vijiji vichache tu: Vitshumbi, Kyavinyonge, Nyakakoma.

Katikati ya miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko karibu 29.000. Hakukuwa na kundi kubwa kama lile fasi nyingine duniani. Walijaa ziwani, na katika mito Rutshuru, Rwindi, Ishasha na Semliki. Kufika 1994 walikuwa karibu 11.000. Kisha zikaja kambi za wakimbizi, kisha vita ya 1996, kisha ile ya 1998. Kila aliyekuwa na bunduki alipata nyama bila kufuga: askari wa majeshi mbalimbali, wakimbizi wenye silaha, Mayi-Mayi. Tena, tangu biashara ya pembe za tembo ikatazwe kimataifa mwaka 1989, meno ya kiboko yalipata bei, kwa kuwa nayo yanachongwa kama pembe. Mwaka 2003 hesabu ilipata viboko karibu 1.300. Mwaka 2005 walikuwa chini ya 900.

Kutoka 29.000 hadi chini ya 900, katika miaka 30. Wengi wetu tulizaliwa katikati ya kushuka huku.

TUPIGE HESABU

Watafiti wa mto Mara walipima: viboko karibu 4.000 wanatia majini kila siku tani karibu 36 za mavi, na ndani yake kuko karibu kilo 500 za azoti. Hiyo ni kilo 9 za mavi kwa kila kiboko. Nyasi zao zinaleta pia silisi, ambayo mimea midogo fulani ya majini inaihitaji kujenga ganda lake.

Chukua kipimo kile kile, kama hesabu ya mkono tu, uweke Virunga. Viboko 29.000 ni tani 261 kila siku: kamio 26 za tani kumi. Azoti yake inakaribia kilo 3.600, sawa na mifuko zaidi ya 150 ya urea ya kilo 50. Kila siku, bure, bila barieri, bila deni. Viboko 900 ni tani 8 tu, hata kamio moja haijai. Azoti yake ni ya mifuko mitano.

Ni kweli, mavi mengine yalianguka Semliki na kwenda Ziwa Albert. Mengine yalibaki nchi kavu. Mto Mara si Ziwa Edouard. Lakini hata ukikata nusu, hata ukikata robo tatu, mkulima gani anaweza kupoteza mbolea namna hiyo na kuvuna kama zamani?

Wavuvi wa zamani wa ziwa hawakungoja mahesabu haya. Wao banasema tu: kiboko akipunguka, samaki naye anapunguka. Kuna waliowacheka wakisema ni maneno ya wazee. Kumbe wazee walikuwa wameona kwa macho jambo lile lile ambalo wanasayansi wa Antaktika walichukua miaka mingi kulielewa kwa upande wa nyangumi.

Lakini tuwe wakweli tena. Tilapia hawakupungua juu ya kiboko peke yake. Pirogi zilizidi mara nyingi kuliko zilizoruhusiwa. Vijiji vya uvuvi vilizaliwa bila ruhusa kandokando ya ziwa. Nyavu za matundu madogo zinakamata watoto wa samaki, na watu wanavua hata fasi samaki wanazalia. Makundi yenye silaha yanatoza mvuvi kodi, naye anavua zaidi ili alipe. Yaani ziwa limepata mapigo mawili pamoja: tunavuna mara nyingi zaidi, na mbolea imeondolewa. Hakuna shamba linalovumilia hivyo.

SASA TUFANYE NINI NA HISTORIA HII

Viboko wamerudi kidogo tangu 2006, kwa kazi ya walinzi wa parki, ambao zaidi ya 200 wameuawa wakiwa kazini katika historia ya Virunga. Lakini bado ni wachache sana ukilinganisha na wakati wa wazazi wetu. Mwezi Aprili 2025, viboko karibu 50 walikufa kusini mwa ziwa, upande wa mto Ishasha, kwa ugonjwa wa kimeta, ule ambao mbegu zake zinalala ndani ya udongo miaka mingi. Katika kundi la 29.000, vifo 50 ni kitu kidogo. Katika kundi dogo kama la leo ni pigo.

Hapa Mutwanga tumezoea kuhesabu faida ya parki kwa umeme wa mto wetu, uliowaka tangu 2013, na kwa kazi. Hasara tunaihesabu kwa mashamba tusiyoruhusiwa kulima na kwa mazao yanayoharibiwa na wanyama. Hesabu zote mbili ni za haki. Lakini inakosekana mstari mmoja: samaki. Mama anayeuza samaki wa Kyavinyonge sokoni, kijana anayewabeba kwa moto hadi Butembo, wote wanakula kutokana na shamba moja la maji, na shamba hilo lina mnyama wake wa mbolea. Anayemuua kiboko Lulimbi ao Ishango hamuibii Mzungu wa parki. Anamuibia yule mama.

Kuna tofauti moja kati yetu na bahari. Nyangumi walipata tume ya kimataifa, kura, na mwaka unaojulikana wa kusimamisha. Viboko wetu mwaka 1995 waliwekwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama ambao biashara yao inadhibitiwa, na sheria yetu inawalinda ndani ya parki. Karatasi ziko. Kinachokosekana ni watu wa hapa wenye kujua kwa nini karatasi zile zina maana kwa tumbo lao.

Njo hapo sisi tunaingia. Kila mwaka ninaona masomo ya memwari yanarudia yale yale: athari ya urea kwa mahindi, athari ya kinyesi cha kuku kwa kabichi. Ni masomo mazuri. Lakini hakuna anayeuliza athari ya kinyesi cha kiboko kwa tilapia. Chupa za maji, kipimo cha azoti na fosfori, daftari la mavuno ya wavuvi pale Kyavinyonge, kulinganisha ghuba yenye viboko na ghuba isiyo nao: hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa agronomi ao wa mazingira anaweza kuifanya kwa mwaka mmoja, usalama ukiruhusu, na wavuvi wenyewe watamsaidia kwa furaha. Mto Mara wa Kenya umepimwa. Sisi tulikuwa na viboko wengi kuliko kule mara saba, na namba ninazotumia hapa juu zimetoka kule.

Mwenye kutafuta somo kwa mwaka ujao, aandike hapa chini. Tusaidiane kutengeneza maswali, na aliye na jamaa mvuvi pale ziwani atuunganishe naye.